Kigingi cha Kofia ya Babu

Baada ya mama kuzikwa na watu kutawanyika, binamu zangu walibaki kugawana vitu vyake pale Iringa. Walivutania cherehani, wakavutania mablanketi mawili ambayo hata panya aliyaonea huruma, na mimi nikasema nataka kifuniko cha pipa la maji tu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba uchungu umenipanda kichwani. Nilimsikia. Uzee umenifundisha kuchagua ugomvi.

Kifuniko chenyewe ni ubao wenye matundu. Niliutoa nje juani, nikaupangusa kwa khanga, nikaunusa. Chini ya harufu ya moshi na ukungu bado kulikuwa na harufu ya grisi, ile grisi nzito aliyokuja nayo baba kutoka karakana kila jioni, mikononi na kwenye kola ya shati. Matundu ni kumi na saba. Kumi na sita yanalingana. La mwisho, kwenye pembe ya kulia, ni kubwa kuliko mengine, na kidole changu kililipata kabla macho hayajalitafuta. Nilikaa chini pale pale uani na ubao magotini.

Nilikuwa na miaka saba hivi, sijaanza shule. Tulikaa Mbeya, kwenye nyumba za wafanyakazi wa barabara, na baba alikuwa fundi kwenye karakana ya magreda. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mlango wa kutokea barazani, cha nyuma kilikuwa na mlango wa uani, na katikati palikuwa na uwazi wenye pazia. Jiko lilikuwa uani, likitazamana na ukuta wa nyuma wa nyumba. Chumba cha nyuma kilikuwa na unyevu, kwa hiyo unga, maharage na mchele wa Usangu vilikaa chumba cha mbele, juu ya kichanja. Kumbuka hilo la unga, maana ndilo lililotuponza.

Babu, mzazi wa baba, alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa kifua. Alishuka kwenye lori amejifunika blanketi la kijivu, kichwani ana kofia ya pama iliyokuwa nyeusi zamani, na kwapani kuku aliyechoka kuliko yeye. Alipewa chumba cha mbele, sisi tukabanana nyuma. Kila baada ya siku moja baba alimpakia kwenye baiskeli na kumpeleka hospitali kuchomwa sindano. Daktari alisema sindano zisikatishwe hata mzee akijisikia nafuu, na baba alikuwa akiyarudia maneno hayo mezani kama sala ya chakula.

Sasa, kwetu Wanyakyusa, mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Tunaita kutila. Hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona njiani kwa mbali anaingia migombani mpaka apite. Ni heshima, tena ya pande mbili, maana mzee naye hukohoa mapema ili mkwe wake apate kujificha. Kijijini inawezekana, migomba ni mingi na nyumba zimeachana. Mjini, vyumba viwili na pazia, heshima hiyo ilikuwa kazi ya kutwa. Tena huyu wetu alikuwa na ugonjwa wa kifua, anakohoa saa zote. Mama hakuweza kujua kikohozi kipi ni cha kumwonya na kipi ni cha maradhi, basi alikimbia vyote. Akiwa na mwiko mkononi, akiwa na unga hadi viwikoni, alisikia kikohozi akatoka mbio kwenda kujificha nyuma ya jiko, hata mvua inyeshe.

Siku moja aliteleza kwenye tope akaanguka kwa ubavu. Alikuwa na mimba kubwa. Kati yangu na mimba hiyo walikuwa wamezikwa watoto wawili, na baba, aliyekuwa anaingia na baiskeli yake, aliitupa chini akaja kumwinua. Jioni ile alikaa muda mrefu akiutazama ukuta wa nyuma.

Karakana yao ilikuwa na ubao mkubwa wa kutundikia zana. Kila spana na kila nyundo ilikuwa na kigingi chake, na fundi akichukua kitu alitundika mahali pake kibati chenye namba yake, ili mwenzake asihangaike kuuliza. Baba aliupenda ubao ule kupita kiasi. Mtu akibisha jambo lolote nyumbani, hata la chumvi, baba alimwambia, "Ubao hausemi uongo." Basi Jumamosi iliyofuata alikuja na ubavu wa sanduku la vipuri, akaulaza uani, akaupima kwa uzi na mkaa, akaanza kuutoboa kwa keekee. Alitoboa kwa kuinamisha kidogo, ili vigingi vikae vimetazama juu na vitu visiteleze. Mimi nilipewa kazi ya kupuliza unga wa mbao kutoka kwenye matundu, nikapuliza hadi kichwa kikazunguka.

Kuubandika ndiko kulikomtoa jasho. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, msumari ukipigwa unaingia vizuri, ukivutwa unatoka na udongo wake. Mara tatu ubao ulimwangukia. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko amefunika mdomo kwa khanga, mabega yanacheka. Mwishowe baba alichimba ukuta kwa patasi, akashindilia humo vipande vya mti mkavu, akapigilia papi mbili za mbao juu yake, na ubao akaufunga kwenye papi kwa skurubu. Akauning'inia kwa mikono miwili kuujaribu. Ukamshika.

Vigingi alivichonga kwa mkaratusi. Hapa sufuria, hapa ungo, hapa mwiko, hapa kata ya maji. Alipofika cha mwisho, kile kinene, alimwita mama asogee.

"Hiki ni cha kofia ya Tata," alisema, maana ndivyo alivyomwita baba yake. "Kofia ikiwa hapa, Tata yuko chumbani. Kigingi kikiwa kitupu, Tata yuko barazani anaota jua. Ingia uchukue unga wako, ufagie, utandike, usikimbie tena."

"Na nani ataitundika? Mimi kofia ya mzee siwezi kuigusa."

"Sekela ataitundika."

"Huyu? Huyu anayesahau hata kuvaa?"

"Sekela tu, na mtu mwingine asiiguse. Mama Sekela, mimi nimekaa na ubao miaka sita. Ubao hausemi uongo."

Nami nikawa mtu mwenye cheo. Babu akivua kofia ili aingie kulala, naipokea kwa mikono miwili, napita pazia, natoka uani, napanda juu ya kinu, naitundika. Akitaka kutoka, naishusha nampelekea. Mama akiwa jikoni aliinua macho tu. Kofia ipo, anaendelea kumenya ndizi. Haipo, anafuta mikono anaingia. Mbio zikaisha. Tumbo likakua kwa amani, na mama akaanza kuimba jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Babu aje.

Mimi pia nilikuwa mjumbe wao. Babu akimaliza kula ananiambia kwa Kinyakyusa chetu, "Gwe Sekela, mwambie mama yako mbalaga za leo zimenirudisha kwetu. Ndaga fijo." Nakimbia jikoni na zile shukrani za ndizi. Mama anainamisha uso kana kwamba mzee yuko mbele yake, anasema, "Mwambie ale, bado zipo." Narudi mbio. Hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi, kwa watu wawili wanaosikiana kikohozi! Nilichoka, na katika kuchoka nikaanza kufikiri, na kufikiri kwa mtoto wa miaka saba ni jambo la hatari.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa muuza nguo, watu wa asili ya pwani. Nao walikuwa wanakaa na baba mkwe. Bi Zuhura alimmiminia kahawa, akamkalisha mkekani, mzee akimtania na yeye akicheka hadi ushungi unamwanguka. Niliangalia kwao, nikaangalia kwetu, nikapata jibu: mama na Babu wamenuniana.

"Mama, kwa nini mmegombana na Babu?" nilimwuliza.

"Nani amegombana? Nyamaza wewe. Sijawahi kuona mzee mwema kama babu yako."

"Lakini hujawahi kumwona!"

Alicheka hadi machozi. Hakunieleza. Siku hizo mtoto hakuelezwa. Aliambiwa fanya, akafanya.

Wiki ile ile wanawake wawili walipigana bombani kwa sababu ya ndoo. Walikaa siku tatu hawasalimiani. Mzee wa kanisa akaja, akawashika mikono, akawasimamisha uso kwa uso, akasema, "Tazamaneni." Walitazamana, mmoja akaanza kulia, wa pili naye akalia, wakakumbatiana. Nilikuwa nimesimama na kindoo changu, na niliona kwa macho yangu kwamba kazi yote ya kupatanisha watu ni kuwafanya watazamane. Nilirudi nyumbani nimejaa neema.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu, ule wa Mbeya unaoingia hadi chini ya kitanda. Baba alikuwa ameshakwenda kazini. Babu alikuwa chumbani, kofia iko kwenye kigingi. Mama alikuwa jikoni amenipa kisogo, akipuliza moto. Nilipanda kinu, nikaishusha kofia, nikaificha kwenye tenga la kuku, nikakaa juu ya tenga. Ndiyo hivyo tu. Sikusema uongo kwa mdomo. Hakuna aliyeniuliza.

Maji yalipochemka mama aligeuka, akatazama ubao. Namwona mpaka leo. Aliutazama vizuri, akafuta mikono, akatungua ungo, akapita karibu yangu, akanigusa kichwani. Nikangoja wakumbatiane.

Nilichokisikia ni ungo ukianguka. Niliinuka nikaenda kuchungulia kwenye pazia. Babu alikuwa amechafuka usiku kwa udhaifu wake, hakutaka kumwambia mtu, na alikuwa amechuchumaa kwenye beseni anajiosha, mwili mzima uko wazi, mbavu zote zinahesabika. Alikuwa amegeuza uso kwa mlio wa ungo. Waliangaliana. Ndivyo nilivyotaka, na waliangaliana. Kisha Babu alifunika uso kwa mikono iliyolowa, hakufunika pengine popote, uso tu, na mama akaanguka magoti akajitupia khanga kichwani na kurudi kinyumenyume hadi uani akitambaa, na tumbo lake lile.

Mimi nilikimbia. Nilijua nimevunja kitu, ingawa sikujua ni kitu gani, na mtoto akivunja kitu hufanya lile analolijua: hurudisha vipande mahali pake. Nikaitoa kofia kwenye tenga, nikapanda kinu, nikaitundika.

Baba aliitwa kutoka karakana. Alimkuta mama amekaa chini nyuma ya jiko, khanga bado kichwani.

"Kigingi kilikuwa kitupu," mama alisema. "Baba Sekela, niliona kigingi kitupu."

Baba alitazama ubao. 

"Kofia ipo," alisema taratibu.

"Kilikuwa kitupu!"

"Mama Sekela, kofia ipo." Kisha akanigeukia. "Sekela, uliigusa kofia leo?"

"Hapana," nilisema.

Hilo ndilo neno. Nimeishi miaka mingi, nimesema maneno mengi ya kipumbavu, lakini kama ningepewa kufuta moja ningefuta hilo. Baba hakuniuliza mara ya pili. Aliuamini ubao, na aliniamini mimi, na kati ya vitu vitatu pale uani kilichobaki kutiliwa shaka kilikuwa macho ya mama. Mama mwenyewe aliinua khanga, akaitazama kofia ikining'inia, na nikaona jinsi alivyoanza kujitilia shaka. "Labda ni ukungu," alisema. "Labda ni moshi wa jiko."

Babu hakumlaumu mtu. Alivaa, akafunga blanketi lake, akamwambia baba anataka lori la Tukuyu siku hiyo hiyo. Baba alimsihi. Alimtajia sindano, alimtajia daktari.

"Mwanangu," Babu alisema, "nimesikia. Lakini nitakulaje ugali wa mtu aliyeniona vile? Nipeleke kwetu."

Mimi ndiye niliyemletea kofia. Aliipokea, akaniwekea mkono shavuni. "Ndaga, gwe Sekela," alisema. Aliondoka na kifua chake na sindano zake nusu, na kabla mahindi hayajakomaa tukaletewa habari ya msiba.

Mtoto naye hakukaa. Alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, akapumua mchana mmoja. Leo najua watoto hufa kwa sababu nyingi, na mama huenda alikuwa na tatizo lake tangu wale wawili wa kwanza. Mkunga alisema hivyo. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Lakini shangazi zangu walikuja kutoka Tukuyu na wao walisema jambo moja: mkwe aliyeona utupu wa mzee hawezi kushika mtoto. Walidai mambo ya kimila yafanywe, na mama alikubali yote bila kubisha, akainama walipomwambia ainame. Hakuzaa tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa mjukuu, na nilikuwa nimekaa pale pale pembeni, nimenyamaza.

Baba aliomba uhamisho, tukaenda Iringa, kwa Wahehe, mahali ambapo hakuna aliyetujua. Aliung'oa ubao mwenyewe, akavitupa vigingi kwenye moto, ila ubao hakuweza kuutupa. Ulikuwa ubao mzuri, tukaufanya kifuniko cha pipa la maji. Iringa hakutundika kitu ukutani tena. Sufuria zilikaa chini, mwiko ulikaa ndani ya sufuria, na ile methali yake ya ubao sikuisikia tena kinywani mwake. Aliishi na mama vizuri, kwa upole, kama mtu anavyoishi na mgonjwa.

Mama alipata tabia. Kabla ya kuingia chumba chochote alisimama mlangoni, akapapasa ukuta kwa kiganja, pale kwenye kimo cha kigingi, ndipo akaingia. Ukuta mtupu, hauna kitu, na yeye anaupapasa. Wageni walidhani anajiegemeza. Nilipoanza kazi nilimpeleka kwa daktari wa macho, maana alikuwa akilalamika. Daktari akamsomesha herufi kubwa na ndogo, akasema macho haya ni mazuri kuliko yangu. Tulipotoka nje mama akaniambia, "Huyu hajui. Macho yangu yana dosari tangu zamani." Nilikuwa nimemshika mkono. Barabara ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu, baba alikuwa ameshakufa. Ningeweza kusema. Nilimwuliza kama anataka tununue nyanya.

Uzeeni mtoto wa jicho aliyafunga macho yote mawili, na hakukubali kupasuliwa. Alisema ni adhabu yake. Miezi yake ya mwisho nilihamia kwake Iringa kumlisha. Jioni moja nilikuwa nampoozea uji, na yeye, bila kuulizwa, akasema:

"Macho haya yalianza kunidanganya Mbeya, Sekela. Siku ile. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka, mama."

"Niliona kigingi kitupu kabisa. Ningeapa mbele ya Mungu." Akageuza uso upande wangu. "Wewe ulikuwa pale uani. Wewe uliona nini?"

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikuwa bibi mwenye wajukuu, na bado nilikuwa nimekaa juu ya tenga la kuku.

"Nilikuwa mdogo, mama," nilisema. "Onja kama umepoa."

Akaonja. Akasema umepoa, nikamlisha mpaka ukaisha. Alikufa wiki tatu baadaye, akiamini kwamba macho yake ndiyo yaliyomuua mzee na yakamuua mwanawe. Siku ile yalikuwa mazima.